Mkwe Kivukoni

Mkubwa akighairi vita hakosi watu wa kumsemea. Oboth wa Rubongi alipowarudisha watu wake kutoka Mto Malaba bila mkuki hata mmoja kulowa damu, wakala wa serikali pale Tororo alijigamba kwamba ni yeye aliyemtisha, kwa onyo la Mzungu wa Mbale. Mwalimu wa dini akasema ni sala. Mganga naye, ambaye hakosi pa kuchomeka mdomo, akadai ni kuku wake mweupe. Waongo wote watatu, Mungu awasamehe. Onyo Oboth alilisikia akalipuuza, sala hazikumfikia, na yule kuku walimla.

Ukweli ni kwamba Oboth aliazimia kuua, tena alikuwa na sababu. Mwaka ule mvua iligoma. Malisho yakabaki kando ya mto tu, na hapo ndipo Wapadhola wa Rubongi na Wasamia wa Bulumbi walipoanza kusukumana na mifugo yao. Siku moja maneno yakazidi. Oketcho, mdogo wake Oboth, alimchapa fimbo fahali wa watu, na mwenye fahali akarusha mkuki. Oketcho alikata roho kabla hajafikishwa nyumbani. Na huyo mwenye fahali hakuwa mtu baki. Alikuwa Wabwire, kaka yake Taaka, mke wa Oboth.

Hebu jiweke mahali pake. Ndugu yako kauawa na shemeji yako, wewe ndiye kiongozi, na ukoo mzima unakukodolea macho. Kaburini Oboth aliapa mbele ya watu kwamba atavuka Malaba na kumlaza Wabwire kama alivyolazwa Oketcho. Alipoapa hakumtazama mkewe. Taaka naye hakumsihi wala hakumlilia. Alipika, akateka maji, akamwogesha binti yao Athieno, mdomo kaufunga. Kimya kile kilimuuma Oboth kuliko matusi. Laiti mke angemsihi, angalau angepata mtu wa kumfokea.

Siku ya vita waliondoka asubuhi, Oboth mbele na binamu yake Ofwono kando yake. Ofwono alikuwa mtu mzima mwenye domo la vita, na uongozi alikuwa akiutamani kama paka anavyotamani samaki. Kila baada ya hatua chache aliuliza kwa sauti, ili wote wasikie, kama kiongozi hajachoka.

Oboth alikuwa akimwaza marehemu. Alipomposa Taaka, Oketcho ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mahari kuwavusha mto, maana mwenyewe hakupaswa kuonekanaonekana ukweni. Kijana alirudi tumbo limejaa, akasifia mapishi ya huko mpaka watu wakashika mbavu kwa kicheko, na tangu hapo hakuacha kutafuta visingizio vya kuvuka tena. Machozi yalimtoka Oboth, naye akayaacha yatoke. Hasira ilizidi kumpanda.

Kivuko kilikuwa kimoja tu. Juu yake na chini yake ni kinamasi cha mafunjo, ambako hata ng'ombe huzama akapotea. Waliposhuka mtoni walikuta mtu ameketi juu ya jiwe katikati ya kivuko, miguu majini, kajitanda kaniki tangu kichwani, amewapa mgongo. Oboth aliutambua mgongo ule, kwa kuwa mgongo ndio pekee aliowahi kuuona. Akageuka upesi, akajibanza nyuma ya kichuguu na ngao juu ya kichwa.

Alikuwa mama mkwe wake.

Cheka ukitaka, lakini kwa watu wa pande zile, ng'ambo hii na ile, mume hatazamani na mama wa mkewe. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Hali chakula naye, hamtaji jina, na akiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Oboth alikuwa ameoa miaka mingi na uso wa mwanamke yule hakuujua.

Basi jeshi zima likakwama. Kiongozi ndiye hukanyaga maji kwanza, na asipokanyaga yeye hakuna avukaye. Ofwono akasema bibi abebwe awekwe kando. Wazee wakamuuliza ni nani atakayeushika mwili wa mkwe wa kiongozi, au ni yeye? Mwishowe Ofwono ndiye aliyetwishwa kazi ya kupeleka maneno, akaenda uso kaukunja.

Kwanza Oboth alimtuma aseme kwa heshima kwamba jua ni kali, mama arudi nyumbani. Bibi akajibu kwamba jua la Malaba limemchoma tangu utoto. Oboth akatuma tena, kusema kwamba hana ugomvi naye, bali anadai damu ya nduguye. Safari hii Ofwono alikawia, na aliporudi sauti yake ilikuwa imepungua.

"Anasema hakuja kukuzuia," alisema. "Anasema, mwambie mwanangu kwamba mwiko wa kumwaga damu ya shemeji na mwiko wa kunitazama mimi ni mwiko mmoja. Akitaka kuuvunja, aanze na mimi. Aje anitazame usoni, kisha apite."

Oboth alikaa nyuma ya kichuguu muda mrefu. Kurudi ni aibu, kutazama ni aibu. Lakini alikuwa ameapa, na alimpenda ndugu yake. Alisimama, akaiacha ngao, akaingia majini. Watu waliokuja kuua walifunika nyuso zao kwa woga. Alikusudia kutazama mara moja, kama mtu anavyomeza dawa chungu, kisha apite. Akazunguka mbele yake, akainua macho.

Bibi aliishusha kaniki. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, wembe umemkatakata, amejipaka majivu mpaka kwenye nyusi. Hivyo ndivyo wanyoavyo wafiwa, lakini Bulumbi hakukuwa na msiba. Hakuna aliyefiwa kule mwezi ule, na hakuna anyoaye kwa ajili ya adui. Uso wenyewe ulikuwa uso wa Taaka, ila umezeeka na kuvimba kwa kilio.

Bibi akavunja mwiko na yeye, akasema naye mdomo kwa mdomo. "Oketcho alikula kwangu. Aliniita mama. Kwetu wamenikataza nisimlilie, nikamlilia. Sasa ukipita, mwanangu, nitanyoa tena kabla nywele hizi hazijaota."

Oboth akaketi majini na mkuki wake. Alilia kama ambavyo hakulia kaburini, na yule mama akalia pamoja naye, mbele ya ukoo mzima. Alipoinuka aliwaambia watu warudi nyumbani.

Haikuwa bure. Kondoo alichinjwa kivukoni kuwatakasa wote wawili. Bulumbi walileta ng'ombe wa fidia kwa mjane wa Oketcho, na Wabwire akapigwa marufuku kukanyaga upande wa Rubongi maisha yake yote. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Kwenye pombe watu walimtungia Oboth nyimbo za kumkejeli, kiapo chake kikawa mzaha, na haukupita mwaka uongozi ukamwangukia Ofwono. Oboth akabaki na jembe na ng'ombe zake, na hakumlaumu mtu.

Taaka hakuwa amemuuliza neno. Ilikuja kuwa siku moja ya mavuno, akipepeta ulezi uani na mumewe ameketi karibu, ndipo alipouliza bila kuinua kichwa.

"Baba Athieno, na kama mama asingenyoa?"

Oboth angeweza kumdanganya. Sababu nzuri zilikuwa tele, na wenzake walikuwa wamekwisha kumtafutia.

"Ningepita," alisema.

Mikono ya Taaka ilisimama. Alimtazama mume wake kwa muda, mtu aliyekuwa tayari kumuua kaka yake na asiyetaka kumficha jambo hilo. Kisha akautikisa ungo, akaendelea kupepeta.