Panne Kumi na Moja Mbele ya Mama Verdiane

Mama Verdiane wa Kirolirwe aliandikia serikali barua ya malalamiko, na serikali ikamjibu. Hapo ndipo shida zake zilipoanzia.

Kwetu mtu huandikia serikali kama anavyopiga mluzi akichunga ng'ombe. Hangoji mluzi ujibiwe, anajiliwaza tu. Malori yanayopanda kwenda Kitchanga, na yale yenye roho ngumu yanayoendelea hadi Walikale, yalikuwa yakiegesha barabarani mbele ya nyumba yake, matano huku, sita kule. Siku moja lori likarudi nyuma na kulaza ua wake wa matete. Mama akajaza ukurasa mzima: hawa watu watafutiwe mahali pa kusimama! Akatia sahihi, moyo ukapoa, akasahau.

Miezi minne baadaye serikali ikaja, tena na tingatinga. Ikasawazisha malisho kilomita mbili juu, upande wa baridi. Ikamwaga changarawe, ikazungusha seng'enge, ikasimika kibao: PARKING YA MALORI. KUSIMAMA BARABARANI NI MARUFUKU. BIASHARA NDANI YA PARKING NI MARUFUKU. Papa Bisengimana, karani ambaye hakuwahi kuwa na ofisi, akapewa kofia na mti wa kizuizi, awe anaupandisha na kuushusha.

Malori yakahama. Asubuhi ya kwanza Mama Verdiane alifungua mlango, akaona barabara nyeupe hadi kwenye kona, safi kama sahani iliyolambwa. Akacheka. Saa nne akaacha kucheka. Alikuwa amechemsha sufuria mbili za chai ya maziwa na kukaanga mandazi mia, na walaji wake wote, tangu afungue kile chumba chake cha mbao cha kuuzia chai, walikuwa mashofere. Watu wa Kirolirwe hawanunui maziwa. Kila mmoja ana ng'ombe, au ana shemeji mwenye ng'ombe.

"Mama Verdiane, uliandika muzuri!" jirani yake Fifi akamwambia, jembe begani. "Andika tena, bakuletee na baclient."

"Pita, Fifi."

"Napita. Si barabara iko wazi?"

Kwa chumba kile alikuwa amesomesha watoto watatu. Sasa akajipa wiki mbili. Zikiisha hivi, atauza sufuria na kwenda kulima kwa shemeji yake, mtu anayehesabu viazi vinavyoingia mdomoni mwa mgeni.

Wiki ya pili, Jumapili baada ya misa, Fuso la shofere Nzabonimpa, limejaa sukari, likazimika mbele ya mlango wake. Lilizimika kwelikweli. Nzabonimpa akafanya kama wanavyofanya mashofere wote njia hii hadi Hombo: akakata matawi ya mikaratusi, akayalaza barabarani mbele na nyuma ya gari, ili wenzake wajue kuna panne, gari limeharibika. Kisha akaingia kunywa chai.

Papa Bisengimana akashuka kwa miguu na kofia yake.

"Papa Nzabonimpa, hapa ni marufuku."

"Iko na panne."

"Soma kibao. Marufuku!"

"Umeona wapi marufuku inasukuma Fuso?"

Bisengimana akafikiri. Kibao kilikataza kusimama, hakikusema neno juu ya kuharibika. Na lori lenye matawi haliguswi, kama mgonjwa asivyotolewa kitandani. Akarudi juu.

Habari ilimtangulia kufika parking. Jumatatu panne zikawa tatu. Jumatano zikawa saba, na Ijumaa kumi na moja, mstari mmoja, vichwa vya mashofere ndani ya injini na vikombe mkononi. Mikaratusi ya Mzee Kanamugire ikabaki uchi hadi kiunoni. Kijana mmoja, Védaste, alisema gari lake la mazuti, dizeli tupu, linaumwa kabureta, kitu ambacho halijawahi kuwa nacho. Kule parking waliingia ng'ombe tu, kwa kuwa changarawe ilikuwa kavu, na Bisengimana akawa anawapandishia kizuizi ili mkono usisahau kazi.

Ijumaa hiyohiyo Directeur, mkubwa wa Bisengimana, akafika kutoka mjini na jeep.

"Hii ni nini?"

"Ni panne, Bwana Directeur," akasema Bisengimana.

"Kumi na moja? Fasi moja?"

"Barabara njo mubaya, Bwana Directeur."

Directeur akatazama barabara. Hapo ndipo mahali pekee ilipokuwa nzuri. Naye alikuwa mtoto wa shofere.

"Kila muntu apande gari yake, awashe! Hata ikiwaka moja tu, inaenda parking, na hii nyumba ya chai nafunga leo."

Mama Verdiane akasimama mlangoni na upawa mkononi.

Mashofere wakapanda. Kuna namna ya kuzungusha ufunguo ili gari lisiwake, na wote waliijua. Védaste aliongeza kikohozi cha injini kwa mdomo wake mwenyewe. Malori kumi, kimya. Akabaki Nzabonimpa, mwenye panne ya kweli, aliyekuwa amefunga na kuomba siku tano. Hakuwa na la kuficha, akazungusha ufunguo kwa moyo mweupe.

Fuso likanguruma.

"Alleluia!" akapiga kelele. Halafu akaona nyuso za wenzake. "Mama, unisamehe. Ni Mungu."

"Mungu hangengoja hata saa moja?"

Directeur akapanda jeep na Bisengimana kwa furaha, akaongoza njia kama bwana harusi, Fuso nyuma yake. Jeep ikamaliza kona ya mwisho. Fuso halikumaliza. Lilizimika katikati ya kona, likateleza, likalala kimkingamo, tako mtaroni. Directeur akawa huko juu, na njia ya kurudi mjini iko huku chini. Mvua ya Masisi ikaanza.

Alikaa saa mbili ndani ya parking yake mwenyewe.

"Papa, hapa bashofere banakula nini?"

"Biashara ni marufuku, Bwana Directeur."

"Na choo?"

Bisengimana akawaonyesha ng'ombe kwa kidole. "Hawa habajauliza."

Mwishowe wakashuka kwa miguu. Directeur aliingia kwa Mama Verdiane akivuja maji. Alikunywa kikombe cha kwanza bila kupumua. Kwenye cha pili akafungua mdomo: "Mama, hii nyumba..."

"Maliza andazi kwanza. Ile barua ya parking, mie njo niliandika. Niliomba bashofere bapate fasi. Sikuomba bapate njaa."

Directeur akaweka kikombe chini. "Njo weye? Mama, barua yako tuliibandika ku bureau! Wageni wote tunabaonyesha."

"Basi babandikie na hii: biashara ndani ya parking ni marufuku. Na ku mulango?"

Directeur akamtazama Bisengimana, aliyekuwa na andazi la tatu mdomoni na hakuweza kusaidia serikali.

"Ku mulango... sheria haifike."

"Andika."

Akaandika, na saa ileile malori kumi yakapona. Yakavuta Fuso kutoka mtaroni, na Jumatatu yakapandisha mbao, mabenchi na sufuria hadi kando ya kizuizi.

Siku ya kwanza huko, mashofere walisimamisha malori barabarani, nje ya parking, karibu na chai. Mama Verdiane akafunika sufuria. "Muntu ambaye hajaingiza gari ndani, hakunywe." Kufikia saa tano parking ilikuwa imejaa, na ng'ombe wamefukuzwa.

Ripoti ilisema mafanikio yametokana na elimu kwa umma. Directeur alikuja kujionea, akaacha jeep barabarani, akaketi kwenye benchi.

"Mama, chai."

Sufuria ikabaki imefunikwa.

"Mama, mie njo Directeur."

"Najua, Papa. Ingiza gari."