Deki Kwenye Sakafu ya Udongo

Habari hiyo ilinipata kwenye kituo cha kununulia majani chai, kikapu kikiwa bado mgongoni, na haikunitoka kichwani tena. Muthoni, yule anayeuza sabuni na chumvi pale Kapsoit, alinivuta kando.

"Mama Bilhah, nimesikia mambo. Mama yake Kepher amesema msichana asiyejua kupiga deki hataingia nyumba yake."

"Alimwambia nani?"

"Mimi nimesikia tu. Kwake Silibwet ni simiti mpaka jikoni. Na kwako je?"

Kwangu ni udongo, kila mtu anajua. Tunapaka mavi ya ng'ombe na majivu, ikikauka unaweza kumlaza mtoto hapo. Sasa Kepher, ambaye ni mwalimu, alitaka kumwoa binti yangu Bilhah. Jumamosi mama yake, Mokeira, alikuwa anakuja na mzee Nyang'au, esigani wao. Esigani kwetu Wakisii ni mtu wa kati, anakuja kuchunguza nyumba ya msichana kabla watu hawajaanza kutaja ng'ombe. Na Bilhah alimpenda huyo mwalimu mpaka alikuwa anaunguza ugali. Nikaona mtoto wangu atakataliwa kwa sababu ya sakafu.

Nikamwuliza mume wangu, Ombati, deki ni kitu gani hasa. Yeye alifanya kazi kwenye meli ya ziwa kule Kisumu kabla hatujapata hili shamba, na mpaka leo akiona hata dimbwi anatoa hotuba.

"Deki ni sakafu ya meli," akasema, akajinyoosha. "Pale juu, kwenye upepo."

"Lakini baba," Bilhah akasema, "shuleni tulikuwa na deka, na hiyo ni kitanda. Mmoja analala juu, mwingine chini."

"Imetoka kwa deki yetu."

"Na mjomba Atuti anasema deki ni karata zote zikiwa pamoja."

"Hata hiyo Atuti ameiba kwetu."

"Na yale mabasi ya Nairobi ya deki mbili?"

"Ya kwetu! Yote ya kwetu! Neno linazaliwa majini, halafu nyinyi mnalipandisha milimani, mahali hata mtumbwi hakuna."

Mimi sikutaka mabasi. "Na kupiga deki, baba Bilhah?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Unamwaga maji, unamwaga sabuni, unasugua mpaka kepteni aone meno yake hapo chini."

Jumamosi asubuhi nikaenda kununua mkate. Niliporudi nikamkuta Ombati amekunja suruali mpaka magotini, ndoo mbili ziko tupu, ya tatu iko mkononi. Bilhah alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, nimemwambia hii ni udongo."

"Meli ilikuwa mbao na haikufa!" Ombati akajibu, akamwaga.

Ile sakafu niliyoipaka mwenyewe ikainuka. Kwanza ikawa uji, halafu matope, halafu harufu ya zizi siku ya mvua. Kuku wakaingia kutafuta minyoo. Sijamaliza kupiga kelele, tukasikia, "Hodi hapa!"

Mzee Nyang'au alitangulia, maana ndiyo kazi yake. Alivuka mlango akiwa mzee wa heshima na fimbo yake, akafika kwenye meza akiwa amekaa chini, na fimbo imebaki mlangoni.

"Karibu, mzee," Ombati akasema.

"Nimeshakaribia," Nyang'au akajibu kutoka chini.

Mimi nikafunika uso kwa leso. Nikajiambia, basi, harusi imeisha. Lakini Bilhah alikuwa ameshamwinua yule mzee na kumpa kiti nje kwenye jua.

"Mama, mzee, mtatusamehe," akasema. "Nyumba imeharibika kidogo. Naitengeneza." Hakusema ni nani aliyeiharibu. Akachota majivu, akaenda zizini na beseni, akarudi, akakunja mikono, akaanza kutoa matope na kupaka upya kutoka kwenye kona.

Mokeira alimtazama kutoka mlangoni. Halafu akavua viatu.

"Mama, wacha, wewe ni mgeni!" nikapiga kelele.

"Niache, mkwe. Tangu tuwekewe simiti sijashika hii kitu. Magoti yangu yameisha kwa deki. Bilhah, sogea huko."

Mkwe! Nilisikia vizuri. Nikajipa moyo nikamwuliza: ati ulisema asiyejua deki hataingia kwako?

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nilisema nimechoka kupiga deki peke yangu, na Kepher akioa nitapata wa kunisaidia. Hayo mengine yameongezwa njiani."

Si nilisema Muthoni anauza chumvi.

Chai tulikunywa nje. Nyang'au alikuwa amevaa suruali ya Ombati, imemfika chini kidogo ya magoti, lakini alisimama kutoa neno lake. "Nyumba nimeichunguza kutoka chini kabisa. Na msichana hakumtaja baba yake. Mimi nimemaliza, leteni habari ya ng'ombe."

Ombati akafungua mdomo aeleze jinsi meli inavyokaushwa. Nikampa mkate.

Nawaandikia haya kina mama wenye mabinti wanaoposwa. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usibebe habari ambayo hujui ilisemwa kwa nani.
Usimwage maji kwenye sakafu iliyopakwa. Fagia, paka, acha ikauke.
Usimwulize mtu wa meli mambo ya nyumba.
Usitoke kununua mkate ukamwacha na ndoo.
Usimruhusu esigani aingie kabla hujaangalia chini.
Usifunike uso. Utakosa kuona kile mtoto wako anachofanya.