Neno Alilolikata Mwalimu

Alistidia alikuwa na miaka kumi na minne alipoapa kwamba Mwalimu Byarugaba atamlipa. Hakumwambia mtu. Alikiweka kiapo hicho moyoni miaka kumi na tisa, na hakikupoa hata siku moja.

Kisa kilianzia Ijumbi, shuleni, walipokuwa darasa la saba. Walikuja wafadhili waliotaka kumsomesha binti mmoja katika shule ya bweni, tangu kidato cha kwanza mpaka cha sita. Mwalimu Byarugaba, aliyefundisha Kiingereza, ndiye aliyepewa kazi ya kumchagua. Akaandika ubaoni herufi tatu: A, R na T. Akawaambia wasichana waandike kila neno la Kiingereza walijualo lenye herufi zote tatu, kwa mpangilio wowote, ndani ya nusu saa.

Alistidia aliandika arobaini na moja. Esther, aliyekaa dawati la mbele, aliandika kumi na mawili. Kesho yake Mwalimu aliposoma matokeo, arobaini na moja yalikuwa ya Esther na kumi na mawili ya Alistidia. Akayasoma maneno ya mshindi mbele ya darasa zima, na katikati yake likatoka neno *rafter*, boriti ya paa. Neno hilo Alistidia alikuwa amefundishwa na marehemu baba yake, fundi seremala, siku walipoezeka nyumba yao. Hakuna mtoto mwingine pale aliyelijua.

Alinyoosha mkono akasema karatasi ile ni yake. Mwalimu alimchapa viboko vitatu kwa kumsingizia mtu mzima. Esther alikuwa mtoto wa kaka yake Mwalimu, na jambo hilo kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Mama yake Alistidia alimsihi anyamaze, kwa kuwa mjane hagombani na mwalimu.

Esther akaenda bweni. Alistidia akapelekwa kisiwa kimoja cha ziwani kwa shangazi yake Serafina, kuanika dagaa. Aliamka alfajiri, akageuza dagaa juani mpaka mikono ikanuka hata baada ya kuogea majivu. Jioni alisoma kamusi kuukuu iliyokosa jalada, aliyoipata kwa mvuvi mmoja aliyeitumia kuwashia moto na kwa bahati alikuwa hajafika mbali. Baadaye alifungua kibanda chake cha samaki Muleba mjini, akanunua simu, akagundua kwamba ndani ya simu kuna michezo ya kutafuta maneno kwa herufi. Alicheza akisubiri wateja. Kila neno alilolipata alilihesabu kama jiwe analoliweka akiba, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mwaka jana, tangazo lilisomwa kanisani. Usharika mmoja wa Kilutheri kule Kitendaguro, Bukoba, ulikuwa unaandaa shindano la maneno ya Kiingereza ili kuchangia maktaba ya watoto. Msomaji akaongeza kwamba bingwa wa miaka mitatu mfululizo ni mwalimu mstaafu Datius Byarugaba wa Nshambya. Alistidia hakusikia mahubiri yaliyofuata.

Siku ilipofika alifunga kibanda, akavaa gauni lake la kitenge, akaenda Bukoba. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwalimu alikaa mbele, nywele nyeupe, suti ya kijivu, watu wakimwinamia na kumwita *waitu* kama anavyoitwa mtu mwenye heshima. Alimsalimia Alistidia kwa upole, akamuuliza ametoka wapi. Alipojibu kwamba ametoka Muleba, Mwalimu alisema Muleba ni kuzuri. Hakumkumbuka. Hilo lilimchoma Alistidia kuliko vile viboko.

Mpaka saa nane walikuwa wamebaki wawili. Karugendo, mzee wa kanisa aliyesimamia mchezo, alieleza sharti la fainali: kila mmoja atampa mwenzake herufi nne, na dakika tano za kuandika. Mwalimu alianza, akampa Q, U, E na T, akitabasamu. Alistidia aliandika bila kuinua kichwa, kuanzia *quiet* hadi *equator* na *mosquitoes*. Yalihesabiwa, yakawa kumi na manne. Watu wakapiga makofi.

Kisha ikawa zamu yake. Aliandika ubaoni F, H, I, T.

Mwalimu alianza vizuri, kalamu ikikimbia. Alistidia hakuitazama karatasi, alimtazama usoni. Dakika ya tatu aliona kalamu inasimama. Mwalimu aliinua macho kwenye ubao, akayashusha, akapitisha mstari juu ya kitu alichoandika. Ndipo akamtazama Alistidia vizuri kwa mara ya kwanza.

Muda ulipokwisha, Karugendo aliyasoma ya Mwalimu: *fight*, *faith*, *flight*, *fright*, *fifth*, na mengine, yote kumi na moja. Akatangaza kwamba bingwa mpya ni mama kutoka Muleba. Alistidia akasimama, akamwomba asome pia neno lililokatwa.

Karugendo aliisogeza karatasi karibu na miwani yake. Akasita.

"*Thief*," alisema. "Mwizi."

"Alilipata, akalikata," Alistidia alisema. "Mwalimu, mimi ni Alistidia, binti wa fundi Mwijage wa Ijumbi. Karatasi ya maneno arobaini na moja ilikuwa yangu. Uliniibia, ukanichapa."

Akasimulia yote, hata *rafter*, hata dagaa. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa ameyafanyia mazoezi miaka kumi na tisa. Alipomaliza, Mwalimu alijiegemeza mezani, akasema kwa sauti ndogo:

"Esther alikuwa yatima. Kaka yangu alikuwa amefariki mwaka uleule."

"Na baba yangu alikuwa amekufa," alijibu Alistidia.

Mchungaji alijaribu kutuliza, akawaomba wapeane mikono pale pale, mbele za Bwana. Alistidia alimjibu kwa heshima kwamba amekuja kusema, hakuja kusamehe. Akatoka.

Nje, mwanamke aliyevaa miwani alimfuata mbio mpaka chini ya mkaratusi. Alikuwa Esther, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa analia. Alisema alilijua jambo hilo tangu siku ile ya matokeo, kwa sababu hata *rafter* hakujua maana yake. Aliogopa baba yake mdogo, kisha akaogopa aibu, kisha miaka ikapita.

Alistidia hakuwa amejiandaa kwa ajili yake. Alihisi huruma ikichungulia, akaifukuza.

"Wewe ulikuwa mtoto siku ile," alimwambia. "Lakini utoto wako uliisha zamani, na Ijumbi kwetu unapajua."

Akamwacha amesimama.

Habari zilimfikia Muleba kabla ya juma kwisha. Mwalimu alijiuzulu kamati ya maktaba, na Jumapili alianza kusali mahali pengine, asikojulikana. Wapo waliosema Alistidia alimwonea mzee, kwamba angemfuata nyumbani kwake na wazee wakayamaliza. Aliwauliza ni wazee gani waliomwendea yeye siku alipochapwa. Alikula vizuri, akalala vizuri, akauza samaki wake.

Baada ya miezi miwili walifika kwake wazee wawili kutoka Nshambya, na jogoo mwekundu. Walitumwa na Mwalimu kuomba radhi. Aliwakaribisha, akawapa kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyostahili, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawarudishia jogoo wao mikononi.

"Mwambieni nimesikia," alisema. "Lakini mimi hakuniibia kwa kutuma watu. Aje mwenyewe."

Hajaja mpaka leo. Alistidia hamngojei, wala hajafunga mlango.