Maji ya Kumpoza Anyesi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kucha za dada yangu. Ilikuwa mwezi wa saba, kabla ya jua kutoka, nasi tumeinama kwenye kisima tulichochimba katika mchanga wa mto. Kipupwe kilikuwa kinakwangua uso. Anyesi alipoitoa mikono majini, kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi kama za maiti. Nikatazama zangu. Zilikuwa kucha tu.

Tuliporudi tukaota moto. Muda si mrefu mgongo ukaanza kumwuma, akatetemeka, akaenda nyuma ya nyumba yetu ya tembe kukojoa. Kisha akaniita kwa sauti ndogo.

"Mdogo wangu, hii ni damu?"

Udongo ulikuwa na doa jekundu, karibu na weusi, kama maji yaliyolowekewa magome.

"Sijui," nikasema.

"Bibi asijue."

Lakini bibi yetu aliliona doa lile kabla halijakauka. Anyesi alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Yotham, mumewe, alifanya kazi kwenye reli, ambayo mwaka ule ilikuwa imefika Gulwe, nusu siku kwa miguu kutoka kwetu mlimani. Alikuwa amemleta nyumbani ili atunzwe mpaka ajifungue.

"Damu yake imepata moto," bibi akasema. "Tukizembea, mtoto atatoka nayo. Apozwe."

Nyumbani kwetu, damu inayotoka bila jeraha ni damu yenye moto, na moto wake huondolewa kwa maji ambayo hayajaonwa na jua. Mgonjwa humwagiwa asubuhi saba, kuanzia kichwani. Maji huchotwa na msichana ambaye hajaolewa, naye hasemi neno tangu anapoamka mpaka mgonjwa amwagiwe.

Bibi akanielekezea kidole, mama wadogo wakacheka, mmoja akasema:

"Kazi imepata mwenyewe. Huyu hata umchome mwiba haongei."

Ni kweli. Hata shule ya misheni niliiacha darasa la pili, sababu mojawapo ikiwa kwamba mwalimu akiniuliza, jibu nilikuwa nalo lakini lilikataa kutoka. Mama alipofariki nikabaki nyumbani, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku ya kwanza nikachota, bibi akammwagia. Anyesi alilia kama mtoto. Kisha akaota moto, na kabla ya adhuhuri mkojo ukawa mwekundu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu ukawa mweusi kabisa, na macho yake yakawa ya manjano.

"Moto unatoka," bibi akasema. "Mnaona unavyotoka?"

Niliona. Lakini niliona pia kwamba jioni mkojo wake ulirudi kuwa safi, na usiku, chini ya ngozi za ng'ombe, alilala vizuri. Ubaya ulikuja na kibuyu changu.

Siku ya nne nilichelewa makusudi. Nilikaa kisimani, kibuyu kimejaa, nikakiweka juu ya jiwe mpaka jua lilipopanda na maji yakawa vuguvugu. Niliporudi bibi alikuwa mlangoni, fimbo mkononi.

"Ulikwenda kuchimba mto mpya?"

Akammwagia hivyo hivyo, kwa hasira. Siku ile Anyesi hakutetemeka. Mkojo wake ulikuwa mweupe tangu asubuhi mpaka usiku. Alikula uji wa uwele, akaomba tena.

"Dawa imeanza kushika," bibi akasema. "Kesho uwahi, ewe mvivu, tusije tukaharibu."

Nikawahi.

Siku ya sita mimba ilitoka. Alikuwa mtoto wa kiume. Siku ya saba bibi alisema lazima tumalize, la sivyo na Anyesi atakwenda, nami nikachota. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba njiani nilipita ng'ombe wa watu bila kuwaona.

Yotham alipopata habari alikuja na wanaume wawili na machela. Tulishuka Gulwe, bibi akinung'unika njia nzima. Pale reli palikuwa na hema la daktari wa Kijerumani aliyetibu wafanyakazi, na msaidizi wake, Mrisho, mtu wa mjini mwenye kanzu safi.

"Amekunywa kwinini?" Mrisho akauliza, Yotham alipokwisha kumweleza habari ya mkojo. Alieleza kwamba wapo wazungu wanaokojoa vile wakichanganya homa na ile dawa yake, kwinini.

"Kwinini tutaitoa wapi?" bibi akajibu. "Mwulize bwana wako mwenye uso wa pilipili."

Mrisho akaficha kicheko. Akanigeukia mimi. "Na huyu mdogo? Ana ulimi, au kauacha mlimani?"

Nilitazama chini. Wakampa Anyesi beseni la maji baridi anawe mikono. Daktari alikuwa anaandika. Aliinua kichwa, akaziona kucha zilivyogeuka rangi, akaacha kuandika.

Alimfunga kidole kimoja kwa uzi na kukitia katika maji baridi ya mtungi, kisha katika maji ya moto. Akatoa damu kwenye kidole kile, na kwenye kidole kingine ambacho hakikuguswa, akaiweka katika vichupa viwili. Tukangoja. Damu ilipotulia, maji yaliyoelea juu ya damu ya pili yalikuwa ya manjano. Ya kwanza yalikuwa mekundu.

Mrisho alisikiliza maneno marefu, akatufasiria. "Bwana anasema katika damu ya kila mtu mna walinzi wasioonekana. Kazi yao ni kukamata ugonjwa unaoingia. Wa huyu dada wamekosea. Akipata baridi wanaishika damu yake mwenyewe. Akipata joto tena, damu waliyoishika inapasuka. Anasema hata Ulaya wameligundua jambo hili juzijuzi tu."

Bibi akasema polepole, "Mbwa wa zizi anayeng'ata ndama wa boma."

Mrisho akamfasiria daktari, naye akatikisa kichwa mara mbili kukubali.

"Nani kamtupia uchawi huu?" bibi akauliza.

"Hakuna, bibi. Ni damu yake. Na dawa hakuna. Asiguswe na baridi, basi."

"Basi hakuna wa kulaumiwa," bibi akasema. Yotham akashusha pumzi. Anyesi alilia, lakini kwa namna ya mtu aliyetuliwa mzigo. Wote wakawa wepesi, isipokuwa mimi.

Miaka imepita. Dada yangu yu hai, ana watoto wawili. Kila mwezi wa saba hajitokezi nje mpaka jua lipande, na maji yake huwekwa motoni kwanza. Bibi, pamoja na maneno yake ya Gulwe, alifariki akiamini moyoni kwamba yeye ndiye aliyekosea, naye hakukosea peke yake. Wageni wakija, Anyesi huwasimulia habari ile, na kila mara hunishika bega. "Huyu hapa alinichotea maji asubuhi saba, baridi ile, bila kuchoka wala kulalamika." Nami huenda kuangalia moto jikoni.

Nilichoka, Anyesi. Na sikulalamika kwa sababu kulalamika kungenilazimu kusema. Siku ile ya nne sikuchelewa kwa uvivu. Nilikuwa napima. Nilijua ni baridi ya maji, nikaona nimejua kweli, na kesho yake nikaamka mapema, nikakuletea yaliyo baridi.