Mia Moja Hamsini na Tatu

Nagabhushan aliingia maabara ya kompyuta amekunja pua, utadhani kaingizwa zizini. Watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wameshakaa vitini, vitambulisho vinaning'inia shingoni, midomo inatembea bila sauti. Walikuwa wanakariri. Yeye alikuwa wa mwaka wa mwisho, tena wa kwanza darasani kwake, na alikuwa amekuja kurudia mtihani wa vitendo wa watoto hawa kwa sababu zamani, ulipofanyika, aliuona upuuzi akabaki hosteli amelala.

Upuuzi ule sasa ulikuwa umemkaba koo. Kampuni moja ya jiji la Bengaluru ilikuwa imemchukua kazini, kwa sharti moja tu: asije na somo hata moja alilofeli. Akianguka leo, nafasi anapewa mwingine. Na mama yake alikuwa ameshautangazia mtaa wao wote pale Davanagere kwamba mwanawe ni mtu wa Bengaluru. Lakini unafikiri bwana huyu alikuwa na wasiwasi? Wapi! Yeye, ashindwe na kuchezea tarakimu?

Mtahini alikuwa Madam Pankaja, mama mnene aliyeletwa kutoka chuo kingine kama ilivyo desturi. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye harufu ya holige, zile chapati tamu za dengu, aliyokuwa akipikiwa na chuo mwenyeji, kwa kuwa mtahini wa kuja asiposhiba vizuri alama nazo hukonda. Kila kompyuta ilikuwa na doa la manjano na kumkumu, ule unga mwekundu wa baraka, usoni tangu puja, ibada ya kuombea vyombo vya kazi, na hakuna aliyethubutu kulifuta. Wanafunzi walipita mmoja mmoja wakiokota kura zenye maswali kwenye bakuli la bati. Ukiikataa kura yako unaruhusiwa kuokota nyingine, ila unakatwa alama.

Nagabhushan aliikunjua yake akacheka kwa sauti. Ilisema: andika programu ya kuangalia kama namba ni ya Armstrong.

Ni mchezo wa kitoto. Unachukua kila tarakimu ya namba, unaizidisha kwa yenyewe kufuata idadi ya tarakimu zilizomo, kisha unajumlisha. Jumla ikirudi kuwa namba ile ile, basi ndiyo. Mia moja hamsini na tatu ina tarakimu tatu: moja mara moja mara moja ni moja, tano mara tano mara tano ni mia moja ishirini na tano, tatu mara tatu mara tatu ni ishirini na saba. Jumlisha, unapata mia moja hamsini na tatu. Hakuna mtoto anayesoma kompyuta nchi ile asiyeijua namba hiyo, kama anavyojua jina la baba yake.

Kando yake alikaa binti aitwaye Bhargavi, kavaa jasmini kwenye nywele, naye kaokota kura ile ile, kama wengi mle ndani. Nagabhushan alichungulia skrini yake. Binti alikuwa ameandika kila tarakimu izidishwe kwa yenyewe mara tatu, basi.

"Na namba ikiwa na tarakimu nne?" alimuuliza. "Hapo si inatakiwa kuzidisha mara nne?"

"Haiji kwenye mtihani, kaka."

"Nani kasema?"

"Sir wetu. Alisema tuandike hivi hivi, tusiguse kitu."

"Mungu wangu! Haiji kwenye mtihani! Afadhali kasuku, kasuku angalau anaruka."

Bhargavi aliendelea kubonyeza herufi zake. Nagabhushan akaanza kuandika yake, ile ya watu wenye akili: inahesabu kwanza tarakimu ni ngapi, kisha inaiambia mashine ipandishe kila moja kwa idadi hiyo, kwa ile amri ya tayari ambayo hao kasuku hata hawajaisikia. Alimaliza wakati wenzake bado wanatafuta mabano kwenye kibodi. Akaijaribu kwa elfu moja mia sita thelathini na nne, namba ya tarakimu nne. Mashine ikasema ndiyo. Akajinyoosha kitini.

"Kaka," Bhargavi alinong'ona, "jaribu na mia moja hamsini na tatu kabla hujamwita. Madam kila mahali anaanza na hiyo."

"Nijaribu hiyo mimi? Hiyo wajaribu wenye mashaka na akili zao." Akanyanyua mkono juu. "Madam! Nimemaliza!"

Madam Pankaja akaja akihema, akainama, akabonyeza moja, tano, tatu.

Si namba ya Armstrong, mashine ikasema.

Shingo zote maabara zikageuka. Halafu mtu huko nyuma akapiga kikohozi cha uongo, na vicheko vikapasuka.

"Mashine hii mbovu!" Nagabhushan aling'aka.

Madam akamhamishia kompyuta ya Bhargavi, programu yake ikaingizwa huko. Jibu lile lile. Kosa lenyewe, kwa anayetaka kujua, lilikuwa ndani ya ile amri yake ya fahari. Kwenye mashine zile kuukuu, tano ikipandishwa mara tatu ilitoka mia moja ishirini na nne nukta tisa tisa tisa zisizoisha. Tisa hizo za baada ya nukta zikakatwa, moja ikapotea. Namba aliyojaribu yeye haikuwa na tano ndani. Lakini hayo hakuyajua, na kuumbuliwa mbele ya watoto hakumpi mtu nafasi ya kufikiri.

"Madam, nipe muda nitafute kosa liko wapi."

"Usitafute kitu. Chakula changu kinapoa." Madam alitazama saa. "Andika kama walivyoandika wenzako. Vile vile. Sitaki ubunifu tena."

Basi akarudi kwenye kompyuta yake, akaandika. Bhargavi, binti wa watu, alisogeza skrini yake kidogo ili kaka aone vizuri, na kaka akanakili neno kwa neno, meno yameumana. Madam alipomaliza kuwapa wengine alama akarudi, akabonyeza moja, tano, tatu. Mashine ikasema ndiyo.

"Haya. Umefaulu." Akaandika alama mbele ya jina lake. "Nenda zako."

Bengaluru hiyo hapo! Alichotakiwa kufanya ni kubeba mkoba wake tu. Mkoba akaubeba kweli. Ndipo yule wa kikohozi akasema kutoka nyuma, "Karibu kwenye tundu la kasuku, kaka!"

Nagabhushan akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Madam! Iulize elfu moja mia sita thelathini na nne!"

"Nimeshamaliza na wewe."

"Iulize! Hii programu ni takataka. Wote humu wameandika takataka, na wewe unawapa alama!"

Madam Pankaja aliirudia kompyuta. Kisha akakaa polepole kwenye kiti cha Nagabhushan, akabonyeza namba aliyoitaka. Mashine ikasema si ya Armstrong.

"Umeona?" Nagabhushan alisema, na kwa kweli alikuwa anatabasamu. "Umeona sasa?"

"Nimeona. Programu hii iko kwa jina la nani?"

"Langu."

"Na nani amesema ni takataka?"

Madam alichukua kalamu, akaipitisha juu ya alama aliyoandika, akaweka sifuri.

"Na wao?" Nagabhushan alipaza sauti. "Yao si ni hii hii?"

"Wao hawajaniambia kitu," Madam alisema, akainuka kwenda kula.

Wanafunzi walianza kukusanya vitu vyao bila kumtazama. Hata yule wa nyuma alikuwa ameinamia mkoba wake. Nagabhushan alibaki amesimama, mkoba mkononi, bado anaonyesha skrini kwa kidole kana kwamba kuna mtu aliyebisha. Alikuwa amesema kweli, na kila mtu mle ndani alijua hivyo.

Bhargavi alimtazama asielewe kabisa.

"Lakini kaka," alisema, "si alikuwa ameshakupa alama?"