Mlango wa Mpwa Wangu

Kundi letu la barua pepe ni la wazazi waliofiwa na watoto. Dada yangu ndiye aliyelianzisha alipofiwa na mwanawe, mimi ndiye ninayelitunza kwenye kompyuta ya kiduka changu cha kunakili, maana katika ukoo wetu ukijua kuwasha mashine, basi wewe ni fundi wa kila kitu. Anwani za wanachama huwa nazificha ili matapeli wasizione. Ila tuna desturi yetu: anwani za watoto hatuzifuti. Kila barua inawafikia na wao, kwenye masanduku ambayo, tulidhani, hayafunguliwi na mtu.

Asubuhi moja alinipigia mwalimu mstaafu, aliyefiwa na binti.

"Bwana Mashine, mpwa wako marehemu ameniandikia. Anataka nibonyeze mahali nione picha za binti yangu." Akashusha sauti. "Nusura nibonyeze."

Nilifungua kompyuta, nikapandwa na hasira. Matapeli walikuwa wameingia kwenye sanduku la mpwa wangu. Nywila yake ilikuwa jina lake mwenyewe, mvivu yule. Humo walikuta barua zetu zote. Na kwa kuwa bado alikuwa mwanachama, lolote waliloandika kwa jina lake lilisambazwa kwa kila mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikimwacha ndani, kuna mzazi atakayebonyeza.

Nilipomweleza dada kwenye simu, alikuja dukani mbio.

"Usimfute."

"Dada, si yeye."

"Najua si yeye, mimi si mjinga." Akaketi juu ya katoni ya karatasi. "Lakini ananiuliza kama nimekula. Wiki nzima namjibu. Wewe uliniuliza lini?"

Nilimpenda sana kijana yule. Kumfuta kulikuwa kama kumzika mara ya pili, na mara ya kwanza nilishindwa hata kushika koleo.

"Na wazazi wenzako je?" nilimwuliza.

Akageukia ukuta. "Fanya basi. Mimi sitazami."

Nikamfuta. Kompyuta, kwa ustaarabu wake wa kipumbavu, ikamtumia taarifa: umeondolewa kundini, ukitaka kurudi, omba.

Chai yangu haikuwahi hata kupoa. Ombi liliingia kwa mlio, jina lake likiwa juu: "Mjomba, nifungulie. Mama yuko peke yake."

Hilo la mjomba walilitoa kwenye majibu ya dada, nilijua. Hata hivyo, kwa kitambo nilitaka kumfungulia kwa moyo wangu wote. Nikabonyeza kataa.

"Amesema nini?" dada aliuliza, uso bado ukutani.

"Hajasema kitu." Nikasogeza kiti karibu naye. "Umekula, dada?"

Aligeuka kutoka ukutani.

"Na yeye huanza hivyo hivyo," alisema.