Picha ya Mbinguni

"Huyo siye," alisema Mama, na kanisa zima likaacha kuimba.

Ukutani, katika picha ya mwanga, alisimama msichana mwenye mabawa, mashavu yamejaa, akitabasamu mawinguni.

Kule kwetu, kwenye vilima vya Yorkshire, wimbo wa mtoto anayekufa akimwita Yesu ulipendwa kuliko zaburi. Bwana Lumb, mpiga picha wetu, aliamua kuutengenezea picha za vioo, zile za kumulikwa ukutani kwa taa huku watu wakiimba. Alihitaji mtoto wa kuigiza. Akamchagua mdogo wangu Zillah, aliyekuwa akikohoa damu tangu vuli.

"Huyu hata poda hahitaji," alimwambia Mama, akicheka.

Kufa kufaana. Mama alikubali kwa sababu hatukuwa na picha hata moja ya Zillah. Mimi nilimchukia Lumb, na namchukia hadi leo.

Zillah alilazwa kwenye kitanda cha kuazima, akapigwa picha akiomba, akiaga, akifumba macho. Akitikisika, kioo kiliharibika, kwa hiyo kikohozi alikimeza mpaka machozi yakamtoka. Lumb aliyasifu machozi yale, akampa chungwa.

"Dada," alininong'oneza, "nikifa kweli nitapewa jingine?"

"Nyamaza, utaharibu picha."

Ikabaki picha ya mbinguni. Siku ya kuipiga ilipofika, Zillah hakuweza kuinuka. Lumb hakumngoja, mabawa alimvika binti wa muuza nyama, na sisi hatukuambiwa. Tulimzika Zillah kabla ya Krismasi, ardhi ikiwa ngumu kama chuma.

Ndipo usiku ule kanisani Mama akasimama mbele ya wote. Alikuwa ameimba kila ubeti akimtazama mwanawe akidhoofika, akivumilia, maana alijua wimbo unakoishia.

"Mama Zillah, keti basi," alisema Mchungaji Haigh kwa upole. "Ni mfano tu. Tumalizie ubeti."

"Huyo wa muuza nyama nimemwona leo asubuhi anakula soseji. Wangu yuko wapi?"

Mama akamgeukia Lumb nyuma ya taa. "Rudisha ile ya kitandani."

Lumb akairudisha. Zillah akatokea tena, anakata roho, ameenea ukuta mzima. Mama akaketi.

Majira yote ya baridi tuliufuata wimbo ule na picha za Lumb kanisa hadi kanisa, kwa miguu, kwenye theluji. Kila ubeti wa mwisho ulipokaribia, Mama alinishika mkono, tukatoka nje.